Vitabu vya Watoto Nilivyomsomea Baba

Baraka, Jumapili, saa kumi na moja jioni

Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla ya kanisa, na tangu hapo joto limekaa juu ya mabati. Ziwa limekuwa la kijivu kutwa nzima. Moyo wangu nao hivyo hivyo, ila wangu ulianza kabla ya mvua.

Nilijiahidi kwamba ukurasa wangu huu wa mtandaoni utakuwa wa vitabu tu. Nimesoma hiki, nimependa hiki, kile kimenichosha. Watu wachache wanaopita hapa wamenizoea hivyo. Leo pia nitaandika juu ya vitabu, lakini sijui kama nitamaliza nikiwa bado na uso wa kuwatazama watu.

Nianze na katoni.

Miaka miwili iliyopita rafiki yangu Faila, tuliyekaa naye benchi moja shuleni kabla hajapata njia ya kwenda Canada na watoto wake, alinitumia katoni ya vitabu kwa mkono wa msafiri. Vilikuwa kumi na kimoja, vyote vya watoto, vyote kwa Kifaransa, na kila kimoja kina kibandiko cha dhahabu kwenye jalada kuonyesha kwamba kilipata tuzo. Juu ya katoni Faila aliandika kwa kalamu nzito: "Kwa batoto ba masomo yako." Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Baraka. Watoto wa shule yangu hawajaviona vitabu hivyo.

Hata kimoja.

Nilijiambia nivisome kwanza mimi, nijue kipi kinafaa umri gani. Nikavisoma, na badala ya kuvipeleka shuleni nikaanza kugombana navyo.

Kile cha paka, kwa mfano. Msichana wa miaka saba anafiwa na paka wake, na kitabu kizima, kurasa arobaini na picha nzuri ajabu, ni majonzi ya yule msichana. Mama yake anamwacha alie. Mwalimu anamwacha alie. Mpaka majani ya miti yanaanguka na kuota tena, bado anaruhusiwa kulia. Nilikasirika nikakitupa kitandani. Mama yangu alipokufa nilikuwa na miaka kumi na miwili, na siku ya tano nilikuwa nimerudi kulima mihogo. Hakuna aliyeniuliza ninajisikiaje. Niliandika hapa wakati ule kwamba kitabu kile ni cha watoto walioshiba. Sikuandika kwamba usiku wake nilikisoma tena tangu mwanzo, na kwamba ukurasa ambao mama anamfulia yule msichana blanketi lenye manyoya ya paka lakini anabakiza kona moja bila kuifua, ulinishinda kuugeuza.

Halafu kile cha vita. Hicho ni cha watoto wakubwa, kina tuzo mbili. Mvulana anakimbia nchi yake kwa mashua, anapoteza kila kitu, na ukurasa wa mwisho anapewa chumba chenye dirisha na shuka la buluu. Nyuma ya jalada waliotoa tuzo wanasifu matumaini yake. Mimi nilivuka ziwa hili nikiwa mtoto, nimekaa juu ya sufuria zetu, Baba ananishika kwa nguo ya shingoni nisianguke. Ng'ambo hatukukuta dirisha. Tulikuta foleni ya maji. Niliuliza, hapa hapa kwenye ukurasa huu, nani aliyewapa watu haki ya kumaliza habari za wakimbizi kwa shuka la buluu. Ilikuwa makala yangu iliyosomwa kuliko zote. Nilijivuna wiki nzima.

Sasa Baba.

Wengi kule kwetu Fizi wanamjua kwa jina moja tu, Mwalimu. Alifundisha shule ya msingi kule mlimani tangu mimi sijazaliwa mpaka mvi zilipojaa kichwa chote. Hakuwa na mali, alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu, na akisoma gazeti la mwaka uliopita alilisoma kama limetoka leo. Miezi saba iliyopita alianguka akiwa peke yake nyumbani. Majirani walimshusha Baraka kwa pikipiki, wamemfunga kwa kitenge mgongoni mwa dereva, jirani mmoja amekaa nyuma anamshikilia. Kiharusi. Upande wa kulia ulikufa ganzi. Maneno yakaondoka, na kusoma kukaondoka pamoja nayo.

Lilibaki neno moja. "Vizuri."

Ni neno alilokuwa akiandika kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari ya watoto wa watu. Sasa akitaka maji ni vizuri. Akiumwa ni vizuri. Nikimwogesha vibaya sabuni ikamwingia machoni, ananikaripia kwa vizuri.

Muuguzi mmoja hospitalini, mama mwenye huruma, aliniambia, "Umuanzishe polepole, dada. Kama mutoto. Umuonyeshe picha, utaje jina, yeye arudilie." Nilifurahi, kwani ndipo nilipoikumbuka ile katoni. Sanduku lake la vitabu limebaki Fizi, na barabara ya kwenda kule kuna wiki inapitika na kuna wiki simu zinaleta ujumbe kwamba mtu asithubutu. Vya kwangu nyumbani ni Biblia, madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha, karatasi za maelezo ya dawa zake ambazo nimezisoma mpaka nimezijua kwa moyo, na riwaya moja nene ya Kifaransa, nayo ya tuzo kubwa, ambayo nimekwama ukurasa wa arobaini tangu mwaka jana. Nilidhani katoni ya Faila imetumwa na Mungu.

Tulianza na kitabu chepesi kuliko vyote, cha watoto wa miaka mitatu. Sungura anavaa koti. Sungura anavaa viatu. Sungura anatoka nje. Picha moja, neno moja au mawili. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake kila nikitoka shuleni, naweka kidole kwenye picha, nasema lapin, sungura kwa Kifaransa, namtazama mdomo.

"Vizuri," anasema Baba.

"Si vizuri. La-pin. Rudia."

Miezi saba ya sungura.

Kuna siku moja, mwezi wa tatu au wa nne, nilimpa kitabu kingine. Ni kile ambacho hakina neno hata moja ndani. Mzee amebeba kiti kichwani anapita mji mzima akitafuta mahali pa kukaa. Sokoni anafukuzwa, kwenye ngazi za kanisa kuna watu, chini ya daraja kuna maji. Mwishoni anafika ufukweni, anakiweka kiti mchangani, anakaa. Unageuza ukurasa: kiti peke yake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka kwamba siku hizi hata kitabu bila neno kinapata tuzo. Baba alikigeuza mwenyewe kwa mkono wa kushoto, polepole, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye kile kiti kitupu, kidole chake kilikaa pale. Kilikaa muda mrefu. Halafu akanitazama.

Nilipaswa kuelewa siku ile. Mtu anayeielewa picha ile anaelewa yote: anajua yuko wapi, anajua amepoteza nini, anajua ni nani anayemwekea sungura mbele ya uso kila siku saa tisa.

Nilikichukua kitabu nikasema, "Hiki hakina maneno, hakitatusaidia." Nikamrudishia sungura.

Leo baada ya kanisa alikuja mgeni. Anaitwa Lubunga, fundi wa injini za mashua, mtu wa miaka hamsini na kitu, mikono mizito ambayo mafuta hayatoki tena kwenye mistari yake. Nilikuwa namwona tu njiani. Alibisha akiwa ameshika samaki wawili waliofungwa kwenye majani, akasema amesikia kwamba Mwalimu yuko kwangu tangu zamani na yeye hakujua, akaomba samahani kama amefanya kosa.

Nilimkaribisha chumbani. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti, nimemvalisha shati jeupe la Jumapili.

"Mwalimu, mi ni Lubunga," akasema, akiinama mpaka uso wake ukalingana na wa Baba. "Ule wa benchi ya mwisho. Fizi. Unanikumbuka?"

"Vizuri," Baba akasema, na macho yake yakafunguka namna ambayo sijaiona siku nyingi.

Sasa naandika kile ambacho sitaki kuandika.

Badala ya kuwaacha, nilitaka kumwonyesha mgeni kazi yangu. Nilitaka aone binti ninavyojitahidi. Nilivuta kigoda, nikafungua kitabu cha sungura juu ya mapaja ya Baba, nikasema kwa sauti ile ya darasani, "Tunasoma kila siku, Baba Lubunga. Subiri uone. Baba, huyu ni nani?"

Baba alimtazama Lubunga. Hakutazama kitabu.

"Baba. Hapa. Huyu ni nani?"

"Vizuri."

"Si vizuri, nimekwambia. La-pin. Rudia. La."

Lubunga alishusha macho akawa anatazama sakafu. Niliona, na niliendelea. Mungu wangu, niliona na niliendelea. Nilimshika Baba kidevu nikamgeuzia uso kwenye picha.

Akainua mkono wa kushoto, akakifunga kitabu. Akasema, wazi kabisa, kama mtu ambaye hajawahi kuugua:

"Hapana."

Niliruka. Nilipiga makofi! "Amesema! Umesikia? Neno jipya! Bravo, Baba, bravo! Sema tena!"

Baba alianza kulia. Hakutoa sauti. Machozi yalishuka tu upande wa uso unaosikia na upande usiosikia, na yale ya upande usiosikia hakujua kuyafuta.

"Dada Riziki, acha," Lubunga akasema.

"Lakini ni neno la kwanza, miezi saba..."

"Na ile neno, njo anakuambia uache. Hauone? Iko analia."

Alitoa kitambaa mfukoni, akamfuta Baba uso, pande zote mbili, akifanya taratibu na ile mikono yake. Halafu akasema bila kunigeukia, sauti ya chini, "Mi nilikuwa mutoto mugumu. Batu bote balisema niko bure, hata baba yangu. Huyu alinikalisha kisha masomo, miaka mbili, siye wawili tu, mupaka nikajua kusoma. Juu ya nini siye wawili tu? Juu hakutaka bengine banicheke. Hakunitia haya mbele ya muntu hata siku moja."

Nilisimama na kitabu changu cha tuzo.

Lubunga alivuta kile kigoda nilichotoka, akaketi, akaanza kumsimulia Baba habari za injini. Injini iliyozimika wakiwa wamekaribia rasi ya Ubwari, abiria mmoja aliyesali kwa lugha tatu, kapteni aliyedai hajaogopa huku amevaa koti la kuokolea upande wa ndani nje. Alimsimulia kama mtu anavyomsimulia mwanamume mwenzake, hakupunguza mwendo, hakupaza sauti, hakuuliza kama ameelewa. Alipofika kwa yule kapteni, Baba alicheka.

Alicheka. Miezi saba nimeishi naye chumba kwa chumba, sijamsikia akicheka. Niliingia jikoni nikajifanya natengeneza samaki.

Pale jikoni ndipo niliposema ukweli mbele ya nafsi yangu, kwa hiyo nauandika na hapa, usipate tena pa kujificha.

Baba aliyemfundisha Lubunga siye niliyempata mimi. Wangu alirudi jioni akiwa amechoka na uvumilivu wote ameuacha darasani. Alinisimamisha karibu na taa, kitabu mkononi, na kila neno nililokosea alisema "Rudia," na nikikosea tena, rula kiganjani. Wageni walikuwepo, majirani walikuwepo, haikumzuia. Alitaka mwanawe awe wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza. Nilijifunza Kifaransa kizuri kuliko wote, nikawa mwalimu, nikapenda vitabu, watu wakasema amerithi kwa baba yake. Ni kweli. Nimerithi kwake hata ile sauti.

Na sasa ungamo lenyewe. Ile miezi saba, nikimwambia "Rudia" na yeye akishindwa, kulikuwa na mahali ndani yangu palipopata raha. Padogo. Kama mtu anayekuna kidonda. Nilipajua, nikapaita uvumilivu. Nikapaita matibabu. Nikawaandikia ninyi hapa, mara mbili, juu ya binti anayemrudishia baba yake zawadi ya kusoma, na mmoja wenu akanijibu kwamba ameguswa.

Msiguswe.

Muuguzi alisema "kama mutoto". Hakusema kwa miezi saba. Hakusema kitabu kimoja. Ningeweza kumsomea Biblia, sauti tu, akasikiliza. Ningeweza kumsomea ile riwaya nene, hata kama inachosha, achoke nayo kama mtu mzima ana haki ya kuchoka. Nilichagua sungura, kwa sababu mbele ya sungura mimi ndiye mwalimu.

Na watoto wa shule yangu? Kuna wasichana darasani kwangu walioshuka wakikimbia kutoka Bibokoboko na vijiji vya kule juu na shuka moja tu kati ya watano. Ningeliwapa kile kitabu cha mvulana na dirisha, wakakisoma wenyewe, labda wangekichukia kama mimi. Labda wangelipenda lile shuka la buluu, wakataka na wao kulilalia hata kwa ukurasa mmoja. Sikuwapa nafasi ya kuchagua. Nilikaa na vitabu vyao miaka miwili ili niandike juu yavyo maneno makali na nisifiwe. Nilidai haki za wakimbizi dhidi ya waandishi wa mbali, na wakimbizi wako benchi la tatu, wanagawana kitabu kimoja cha sarufi kilichochanika kuanzia somo la tisa.

Lubunga aliondoka saa tisa. Mlangoni nilimwomba samahani, akatikisa kichwa. "Si mi wa kuombwa," akasema. Halafu, kwa upole, "Nitarudia siku ingine. Iko anapenda habari za mashua, hauone?"

Sikuwa najua. Nimeishi miaka arobaini na mitatu na sikujua kwamba baba yangu anapenda habari za mashua.

Nilirudi chumbani nikapiga magoti mbele ya kiti chake. Nilimwambia, "Baba, unisamehe." Nilimwambia na lile la rula pia. Nilimwambia kwamba niliona raha. Sijui kama ni haki kumwambia hivyo mtu asiyeweza kujibu, labda hilo nalo ni rula. Alinitazama. Nilingoja, hata lile neno lake moja, ningelichukua kwa maana yoyote. Aligeuza uso akatazama dirishani, kule ziwani, na baada ya muda kope zake zikashuka. Sijui alilala au aliniomba niondoke.

Nimeifunga katoni. Nimehesabu vitabu mara mbili, vipo vyote. Kesho naipeleka shuleni kabla ya kengele, nitaviweka mezani, na sitasema kipi ni kizuri na kipi ni cha watoto walioshiba. Hilo ndilo jambo pekee katika siku ya leo ambalo najua kulifanya.

Lile lingine silijui. Nikirudi mchana nitaingia kwa Baba bila kitabu. Nitamsalimia, nitaketi. Mimi sina habari za mashua. Tangu nina miaka mitano, kila tulipokaa wawili, kulikuwa na kitabu katikati yetu, mmoja anauliza na mwingine anakosea. Nikikiondoa, kinabaki nini pale?

Naogopa kwamba ni viti viwili tu na watu wawili wasiojuana. Lakini nitaketi.